Tupeane uzoefu: uliyehamia mkoa usio na ndugu ukiwa umevuka miaka 40, nini kilikupokea?

Mzee wa Stoo

Wakuu, salaam. Nina miaka 47. Nimeshika funguo za stoo Dar kwa miaka 19, Tabata hadi Vingunguti asubuhi na jioni. Ndoa iliisha mwaka juzi bila kelele nyingi. Watoto wawili wameshakuwa na maisha yao, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya upande wa mama yao, mimi ndiye niliyetoka na begi. Tangu hapo napanga chumba na sebule, na kila kona ya mji huu nakutana na mtu anayeniuliza, "Shemeji hajambo?"

Nimeiweka akilini Njombe. Sina ndugu kule, wala sijawahi kulala. Nilipita tu nikienda harusini Songea, basi likasimama, nikashuka kununua viazi, ile baridi ikanipiga usoni nikajikuta nasema hapa pananifaa. Najua ni sababu ya kitoto. Akiba niliyonayo inaweza kunilisha miezi minane nisipofanya mambo ya ajabu.

Habari za mtaji naomba tuziache, nyuzi zake zimejaa. Mimi nataka kujua yale mengine. Ulifikia kwa nani? Mwezi wa kwanza ulikuwaje? Kilichokushinda ni nini?

Cherehani Nne

Kaka yangu, karibu, mimi nakupa yangu yote ila usinicheke.

Nilihamia Mpanda mwaka 2013. Katavi ndiyo kwanza ilikuwa imemegwa Rukwa mwaka mmoja nyuma, watu wakasema mkoa mpya una nafasi. Nilikuwa na miaka 43, nimetoka Korogwe, nimeachika, na cherehani yangu ya miguu nimeifungua vipande vipande kwenye gunia. Treni ya kutoka Tabora kupitia Kaliua ilinifikisha mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Simjui mtu.

Chumba nilikipata siku ya pili. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akaniuliza swali moja tu kabla ya kutaja kodi: "Na baba yuko wapi?" Nilishaambiwa njiani kuwa mwanamke wa peke yake, wa umri ule, hapewi chumba kirahisi kwenye nyumba yenye waume za watu. Nikajibu, "Yuko Muscat." Kwetu Tanga mtu kuwa Muscat si habari ya ajabu, lilinitoka lenyewe. Nikapewa ufunguo.

Basi mume akaanza kukua. Mara anafanya kazi bandarini, mara amepandishwa cheo. Nikinunua kitanda, wanasema shemeji ametuma. Hata cherehani ya pili, niliyoinunua kwa sare za shule nilizoshona usiku na mchana mpaka miguu ikavimba, sifa alipewa yeye. Iliniuma kweli, lakini ningesemaje?

Mwaka wa tatu watu wakaanza kuniletea pasipoti za watoto wao. Mjumbe mwenyewe alikuja na mpwa wake, kijana amevaa shati jeupe, ananiita mama, anataka shemeji amtafutie hata kazi ya kufagia. Nikaona hapa nitamla mtu nauli. Usiku ule nikaamua kumuua.

Asubuhi nikasema nimepigiwa simu, mwenzangu amefariki na ameshazikwa hukohuko. Nilidhani nitapewa pole tatu nne nirudi kwenye kazi. Saa nne mikeka imetandikwa. Saa sita kuna sufuria tatu za maharage na debe la mchele. Mwenyekiti wa mtaa amekaa na daftari la rambirambi, shilingi 61,500 imeshaandikwa, watu wenyewe ni wauza mkaa na wachuuza migebuka. Akina mama wananifunga kanga kichwani, mmoja ananikumbusha kwamba eda ni miezi minne na siku kumi, nisiwe na wasiwasi, watanipokezana kuniletea maji.

Nililia. Wao waliona ni uchungu.

Jioni walipopungua nikamvuta bibi wa nyumba ya pili, mtu wa Karema, nikamweleza kila kitu. Akanyamaza, akatafuna ugoro wake, akasema, "Mwanangu, huyo marehemu hakuwahi kukupigia simu hata sikukuu. Tulikuwa tunangoja uchoke."

Kumbe nusu ya mtaa walijua! Mjumbe ndiye hakujua, na alininunia mwaka mzima. Hela nilitaka kuirudisha, wakakataa, hela ya msiba hairudi mfukoni. Ikapelekwa kwa dada mmoja aliyelazwa na mtoto. Mpaka leo naitwa Mjane wa Muscat. Nimeshazoea, hata wateja wapya wanaelekezwa hivyohivyo.

Kwa hiyo ukiulizwa mke yuko wapi, sema tumeachana. Itazungumzwa wiki mbili, basi.

Makao Makuu

Bibie umenifanya nicheke ofisini.

Mimi sikuhama, nilihamishwa. Serikali ilipoamua mwaka 2016 kwamba sasa tunakwenda Dodoma kweli, wakati azimio lenyewe ni la 1973, nilikuwa na miaka 45 na familia Kimara. Familia ilibaki. Miaka hii yote mimi ni mtu wa Ijumaa jioni. Zamani ilikuwa basi, unafika Dar usiku umekunjika kama shuka. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 ni saa tatu na kitu, ndiyo imezidi kuniharibu. Nimepanga nyumba Nkuhungu na simjui jirani wa kushoto. Wa kulia najua ana mbwa.

Dereva wa Pori

Mzee wa Stoo, nakuelewa sana. Mimi nilikuwa dereva wa watalii Arusha. Machi 2020 kazi ilikatika kama umeme. Nikiwa na miaka 51 nikaenda Masasi kwa sababu abiria mmoja aliwahi kunisimulia korosho.

Kosa langu lilikuwa haraka. Wiki ya pili tu nikanunua shamba la mikorosho 60. Tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, tukashikana mikono. Nikapalilia. Nikanunua salfa, maana bila kuipulizia mapema ugonjwa wa ubwiri unga unamaliza maua, nikapulizia mwenyewe mpaka macho yakawa mekundu. Msimu nikapeleka chama cha msingi, mnada ukaenda vizuri, hela ikaingia. Mwaka uliofuata nakuta mtu mwingine yuko shambani anapalilia, ananisalimia vizuri tu.

Nilichonunua mimi kilikuwa mazao ya miti kwa msimu mmoja. Kule kukodisha mikorosho ni jambo la kawaida, na karatasi yangu niliposomewa tena taratibu ilikuwa inasema "mikorosho", neno ardhi halimo popote. Mzee aliyeniuzia hakuona kwamba ameniibia. Nilipokwenda kwake alinikaribisha chakula! Ukweli ni kwamba mimi ndiye sikuuliza, nilijiona nimetembea sana.

Nilikuja kupata langu baadaye, kwa njia ndefu: maombi halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji ambapo unasimama mbele ya watu na kuulizwa wewe ni nani na umetoka wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndivyo ilivyopanga, na kwa mgeni huo mkutano ni ulinzi. Watu 200 wakishakuona uso, hakuna wa kukuruka.

Halafu jiandae kwa jambo dogo. Nilikosa mtu wa kutaniana naye. Mimi Mpare, utani wangu wote uko kaskazini, Masasi nikimtania mtu ubahili ananiangalia tu. Miezi sita sikucheka sawasawa. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Mbara wa Pwani

Hamjambo wenzangu wa TZ. Mimi nilitoka Nairobi nikaenda Kilifi nikiwa na miaka 44, baada ya kumzika mke wangu. Nimefundisha huku tangu 2016. Kukaribishwa nilikaribishwa, mahamri na mbaazi sikununua wiki nzima. Lakini uchaguzi wa 2017 ulipokaribia, kila mtu alikuwa ananiuliza kwa upole, "Mwalimu, unaenda kwenu lini?" Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wameona watu wa bara wakipanda mabasi na watoto na magodoro. Mimi nikabaki, nyumba nzima kimya, nikila mkate.

Mwaka 2022 hakuna aliyeniuliza. Niliona hiyo tofauti, nikafurahi kimya kimya.

Nimesharudi

Naona wote mnaoandika mlifanikiwa. Ngoja na mimi niseme.

Nilistaafu kwa hiari nikiwa na 56, nikaenda Songea. Nilitaka kulima mahindi na kusoma magazeti. Nyumba nzuri, uzio, geti la chuma. Nilijifungia, nasema wazi. Nilikuwa nimechoka na watu, kelele za mjini, michango ya harusi, vikao. Nikijua mtaani kuna msiba natuma 5,000 kwa kijana wa duka, mimi siendi. Niliona nimestaarabika.

Nina kisukari. Jumamosi moja niliteleza bafuni nikavunjika nyonga. Simu iko sebuleni. Nikaita mpaka sauti ikaisha. Geti limefungwa kwa ndani, na watu walishazoea kwamba yule mzee hapendi kugongewa. Jumatatu asubuhi kijana wa maziwa ndiye aliyeona chupa ya jana yake haijachukuliwa, akaruka ukuta.

Wale watu walinibeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani. Waliokesha na mimi wodini ni wawili ambao sikuwahi hata kuwauliza majina. Mwanangu alipofika na basi la usiku alikuta nimeshalishwa uji. Nikarudi naye Morogoro, na hapa nilipo natembelea fimbo. Jumla nilikaa kule miezi 14.

Sikukatazi kuhama, mdogo wangu. Ila lile geti nisingeliweka.

Cherehani Nne

Pole sana baba. Na huyo kijana wa maziwa Mungu amweke.

Mkaa Baridi

Mwenyeji wa Njombe nimefika. Nimezaliwa hapa, kwa hiyo sina uzoefu wa kuhama, nina uzoefu wa kuwapokea wahamaji, wengi wanakuja na hayo macho ya parachichi.

Mzee wa Stoo, mambo matatu ya haraka, mengine tutaongea ukifika. Usije Juni wala Julai kama mara ya kwanza, utaona tumekudanganya, njoo Oktoba. Pili, usilale na jiko la mkaa ndani umefunga dirisha. Kila mwaka tunazika mgeni kwa ajili hiyo, alitaka joto tu, moshi wake hauna harufu ya kukuamsha. Nunua mablanketi mawili mazito. Tatu, parachichi ni kweli linalipa watu, lakini mche wa kupandikizwa unakuweka miaka mitatu kabla hujaona tunda la maana, na akiba yako ni ya miezi minane, hesabu ni yako. Mashamba ya bondeni utauziwa rahisi, jiulize kwa nini. Baridi hulala bondeni, inaunguza miche.

Ukifika salimia kwa "Kamwene" hata kama huna neno la pili. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ya utambulisho kutoka ulikotoka. Vijana wengi hawaendi, mtu mzima asipokwenda anatiliwa shaka.

Dereva wa Pori

Wabena na Wapare wana utani?

Mkaa Baridi

Hapana mkuu. Ila ubahili tunaujua.

Mzee wa Stoo

Nimechelewa kujibu, nisameheni. Nimewasoma wote, yako, Nimesharudi, nimeirudia mara tatu.

Nilipata likizo ya siku tisa, nikasema niende nikaone badala ya kuota. Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, Kitonga tumepanda nyuma ya malori ya Tunduma mwendo wa kinyonga, Makambako giza. Nimefikia gesti. Kesho yake Mkaa Baridi akanielekeza mtaa wenye vyumba vya kupanga, nikaenda kwa mwenyekiti na barua yangu mkononi, nimenyoosha shati.

Hakuwepo. Mtaa wake ulikuwa na msiba, wote wako huko. Nikataka kurudi gesti, nikakumbuka stori za humu, nikaenda. Nikasimama pembeni kama mtu aliyepotea. Mzee mmoja akanitazama akasema, "Wewe una nguvu, shika upande huu." Nikabeba mabenchi kutoka kanisani, safari nne. Halafu nikapasua kuni. Sikuulizwa mke wala kabila. Jioni nilipewa ugali na maharage nikiwa nimekaa kwenye benchi nililobeba mwenyewe, ndipo mwenyekiti akaniuliza, "Wewe ni wa upande wa marehemu au wa mjane?"

Nikamwambia mimi natafuta chumba.

Alicheka mpaka akashika goti. Barua akaisoma kwa mwanga wa simu. Kuna chumba kwa mama mmoja nyuma ya shule, kodi anataka ya miezi mitatu, choo cha nje. Kesho naenda kukiona. Basi nililokatia tiketi ni la keshokutwa, na kesho kutwa hiyohiyo wanaanua matanga.

Mkaa Baridi

Tiketi wanabadilisha ukiwahi. Mablanketi umenunua?

Mzee wa Stoo

Moja.

Mkaa Baridi

Haya.