Oili ya injini: kilomita 5,000 ni sheria au mazoea tu?

Mleta mada
Wakuu, hili linanisumbua. Fundi wangu amebandika stika mlangoni kwa dereva: sevisi ijayo baada ya kilomita 5,000. Kitabu cha gari kinasema 10,000 au miezi 12, kitakachotangulia. Oili ninayotia ni sintetiki, 5W-30 (namba ya uzito wa oili), ile ile iliyoandikwa kitabuni. Nimeshatembea 6,200 tangu nimwage ya mwisho, na fundi kila akichungulia dashibodi anatikisa kichwa kama daktari aliyeshika majibu mabaya. Nimsikilize yeye au aliyeunda gari?

Spana 17
Fundi. Hicho kitabu hakijawahi kufungua injini, mimi nafungua kila wiki. Ukitoa kava ya juu kwenye gari la mtu wa "bado bado", unakuta tope jeusi limeganda kama lami, vijia vya oili vimeziba. Huyo huyo ndiye anakuja kulia injini imenoki.

Safari Ndefu
Spana, unawaona wagonjwa tu kwa sababu uko hospitali. Hizo 5,000 ni hesabu ya zamani. Wamarekani nao walikuwa na yao, maili 3,000, karibu kilomita 4,800, enzi ambazo oili nyingi zilikuwa za kawaida, si sintetiki. Leo Toyota huko huko Marekani inaruhusu maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, kwa injini zake nyingi zinazotumia 0W-20 ya sintetiki. Volkswagen Ulaya wana mpango unaofika hadi kilomita 30,000 au miaka 2. Hao wote hawajui kazi?

Spana 17
Wanaijua vizuri sana. Anayeuza gari jipya anataka lionekane halina gharama mpaka waranti iishe. Baada ya hapo injini ni yako na Mungu wako.

Safari Ndefu
Na anayeuza oili anataka uimwage kila mwezi. Kila mtu na biashara yake.

Saa Si Kilomita
Nyote wawili mna hoja, ila mnapimia kipimo kisicho chake. Oili haijui umetembea kilomita ngapi. Inachokijua ni imefanya kazi saa ngapi, na katika hali gani.

Piga hesabu. Gari la barabara kuu linaenda wastani wa kilomita 80 kwa saa. Kilomita 5,000 hapo ni saa 62 na nusu. Gari la foleni likienda wastani wa 20 kwa saa, kilomita zile zile 5,000 ni saa 250. Injini imenguruma mara nne zaidi na stika zinafanana!

Sasa ongeza safari fupi, ambazo kwangu ndizo mbaya kuliko zote. Injini ikiwa baridi inapewa petroli nyingi zaidi, na sehemu yake inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Mvuke wa maji nao unaingia. Ukiendesha nusu saa ya maana, oili inapata moto vya kutosha na hayo yote yanafukuzwa. Ukizima baada ya dakika kumi, yanabaki humo. Kesho unaongeza mengine. Zile dawa zilizochanganywa kwenye oili ili kuua asidi na kuzuia tope zinakwisha mapema, hata kama dashibodi inasoma kilomita 3,000 tu. Ndiyo maana kuna kikomo cha miezi pia. Gari la kwenda dukani na kurudi linaweza kuharibu oili kabla halijafika popote.

Mleta mada, rudi kitabuni, fungua ukurasa wa matumizi magumu. Watu wengi huishia kwenye jedwali la kwanza. Utakuta safari fupi, vumbi, kuvuta mzigo, kusimama muda mrefu injini ikiwaka. Hapo muda wa kumwaga hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu. Hata hao Toyota wanashuka hadi maili 5,000 kwa matumizi ya namna hiyo.

Kijana wa Dizeli
Mimi naangalia rangi. Ikiwa nyeusi, namwaga.

Saa Si Kilomita
Basi kwa dizeli utamwaga kila siku, kaka. Masizi yanaifanya nyeusi ndani ya muda mfupi tu baada ya sevisi, na nyeusi maana yake inabeba uchafu, ndiyo kazi yake. Ogopa ikiwa kama chai ya maziwa. Hapo kuna maji.

Mleta mada
Nimekuta huo ukurasa. Kazini kwangu ni kilomita 4, foleni kwenda, foleni kurudi. Wikendi gari linalala. Kwa hiyo fundi yuko sawa?

Safari Ndefu
Kwako wewe, yuko sawa. Nakubali kwa shingo upande. Ila akiibandika stika hiyo hiyo kwenye gari langu, naibandua.

Spana 17
Ahsanteni. Sasa swali moja kwa mleta mada, maana hapa watu wamegombania namba na hakuna aliyeuliza: mara ya mwisho kuchomoa stiki ya kupimia oili ni lini?

Mleta mada
Hiyo si kazi ya fundi siku ya sevisi?

Spana 17
Haya. Gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kumi. Chomoa, futa, chomeka mpaka mwisho, chomoa tena. Nasubiri.

Mleta mada
Nimefuta, nimerudia mara tatu. Oili imelowesha ncha tu. Haijafika hata alama ya chini.

Spana 17
Usiliwashe. Ongeza aina ile ile, kidogo kidogo, huku unapima. Kwa magari mengi kati ya alama mbili ni kama lita moja. Kisha inama uchungulie chini ya injini. Kuna doa?