Yule "mwalimu" wa Kiingereza wa Mafiati kaniitia mtoto wa darasa la nne anisahihishe. Nimechoka!

Wakuu, mikono inatetemeka hapa, na si baridi ya Mbeya, ni hasira. Mods naomba msiunganishe huu uzi na uzi mwingine wowote.

Jina simtaji. Mnamjua. Kama umewahi kusaka ajira ukiwa jiji hili, umeshapanda zile ngazi zisizo na taa, umeshaliona lile bango lenye picha ya Big Ben na ile suti ya kaki aliyoanza kuivaa Mwanjelwa ikiwa bado pori. Huyo huyo. Anayeongea Kiingereza kwa puani mpaka madirisha yanashikwa mafua.

Tunajiandaa na usaili wa mchujo. Hali mnaijua: nafasi za kuhesabu kwa vidole, walioitwa ni tarafa nzima, na kwenye pepa kuna Kiingereza cha kuchagua jibu. Jaza nafasi, tafuta kinyume cha neno, tafuta kosa kwenye sentensi. Mimi nina digrii. Nimejitolea kufundisha shule ya kata, chaki nanunua mwenyewe. Nikajibana, nikalipa elfu thelathini yake ya mwezi.

Leo jioni kaniita ubaoni. "I ____ in Mbeya since 2016." Nikajaza "am living". Mtaani kila mtu anasema hivyo na dunia inazunguka. Mwalimu mwenye utu angesema jambo lilianza zamani na bado linaendelea, kwa hiyo weka "have been living". Ukitaja mwaka ulioanzia ni "since", ukitaja urefu wa muda ni "for". Kwisha habari, tugeuze ukurasa.

Yeye hakusema neno. Kafungua mlango, kaita. Akaingia mwanawe, darasa la nne wa English medium, soksi moja imepanda nyingine imeshuka, mdomo mwekundu kwa ubuyu. Akapewa chaki MBELE YA DARASA ZIMA. Mtoto akapanda kwenye kiti maana ubao haufikii, akaifuta "am living" yangu kwa kiganja chenye ubuyu, akaandika jibu kwa mwandiko wa kuunganisha. Kisha akanigeukia na kuniambia, kwa heshima zote:

"Pole uncle. Hata mimi nilikuwa naikosea hiyo nikiwa la pili."

La pili, wakuu. LA PILI.

Darasa likaanguka. Kuna dada mmoja nilikuwa najipanga kumwomba namba, kacheka mpaka katoka nje kutafuta hewa. Na juzi yeye aliandika "discuss about" na hakuna mtoto aliyeitwa!

Na alinipa pole. Angenicheka ningemwelewa, ni mtoto. Lakini pole? Na ule ubuyu bado uko ubaoni, nimeondoka nimeuacha, alama ya vidole vinne juu ya jina la Mbeya.

Huyo mtoto analipwa? Kama analipwa, hiyo ni ajira ya watoto. Kama halipwi, basi elfu thelathini yangu inalipia nini? Nataka hela yangu. Nawasilisha.

Mnyalu Halisi: Pole uncle.

Binti Tukuyu: Pole uncle 😂😂

Dereva wa Kasumulu: Chai hii. Mtoto wa la nne saa hizo yuko ubaoni badala ya kufanya homuweki? Leteni chapati wakuu, chai imeshapoa.

Mleta uzi: @Dereva wa Kasumulu panda ngazi ukauone ubao mwenyewe. Ubuyu bado upo.

Pasivu: Mkuu mimi nilipita pale. Nilishindwa kugeuza sentensi moja tu kwenda "passive voice", akanibatiza Pasivu. Nilidhani yataisha. Mpaka leo nikishuka Kabwe makonda wananiita Pasivu. Mke wangu naye kaanza. Wewe umeitwa uncle, shukuru Mungu.

Mama Wawili Sae: Mdogo wangu mleta uzi, huyo mtoto namfahamu, ana adabu sana. Shikamoo haimpiti mtu. Muulize akufundishe na "prepositions", ada yake ni ubuyu wa mia mbili.

Jaji wa Gramma: Tuache utani, watu tuna usaili. "Neither of the candidates ____ ready." Ni "is" au "are"?

Kijana wa Forest: "are". Wagombea ni wengi.

Jaji wa Gramma: Umefeli. Kiima pale ni "neither", na kwenye pepa ni umoja. Weka "is".

Kijana wa Forest: Waingereza wenyewe wanasema "are", nawasikia kila siku kwenye mpira.

Jaji wa Gramma: Pepa hatungi mchambuzi wa mpira.

Binti Tukuyu: @Kijana wa Forest tukuitie mtoto?

Mwalimu Mstaafu: Vijana, mzizi uko kwenye mfumo. Miaka saba ya msingi mlisoma kwa Kiswahili, mkaingia kidato cha kwanza mkakuta Historia, Jiografia, Baiolojia, zote kwa Kiingereza, na mwalimu naye anajikongoja. Mnategemea nini?

Dereva wa Kasumulu: Shikamoo mzee. Kila uzi lazima uje na mfumo. Jana ulikuja nao kwenye uzi wa mchele wa Kyela.

Kamwene Iringa: Kamwene wote. Mna bahati nyie, mnafundishwa japo na mtoto. Huku kwetu yupo yule wa "maswali yaliyovuja", mnamjua, mwenye pikipiki ya bluu. Kaniuzia PDF elfu kumi. Nafungua, pepa ya darasa la saba kaifuta mwaka! Swali la kwanza: "Juma ____ to school every day." Kwa elfu kumi nimjazie Juma "goes"!

Pasivu: Huyo mwenye pikipiki ana pengo la mbele?

Kamwene Iringa: Ndiye! Kafika na huko?

Pasivu: Kwangu kauza elfu kumi na tano. Juma huyo huyo.

Mkulima wa Makete: Bora nyie mnaibiwa kwenye simu mmekaa. Mimi Kiingereza nilikiacha, nikarudi kwenye viazi. Sasa njooni mumwone huyu dalali, kofia nyekundu, wote mnamjua. Anataka lumbesa, gunia limevikwa kilemba na wavu juu, mtu anakaa juu yake miguu haigusi chini. Lumbesa imekatazwa na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Nikimwambia, anasema basi kale viazi vyako.

Njombe Moja: Na akishashindilia anakwambia ni gunia moja. MOJA! Mwaka huu nimeapa simuuzii hata nikila viazi hadi Krismasi.

Mleta uzi: Jamani, uzi huu ulikuwa wa elfu thelathini yangu.

Binti Tukuyu: Uncle tulia, watu wanaongea viazi.

Mama Wawili Sae: @Mkulima wa Makete viazi vyako ni mbegu ya Kikondo? Mimi napika chipsi, nachukua kwa mzani, sina habari na dalali.

Mkulima wa Makete: Kikondo safi, dada. Mzigo unashuka Uyole Alhamisi asubuhi. Njoo PM tuongee bei, na uje na magunia yako.