Aliyeliwa na "tuma kwenye namba hii" arudishiwe na nani?

Fundi Saa: Wadau, mama mkwe wangu kaliwa laki mbili na nusu. Alikuwa anadaiwa kodi ya fremu kweli, na siku hiyohiyo ujumbe ukaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Akatuma. Laini zote zina alama za vidole, makato tunakatwa kila muamala. Kwa nini kampuni ya simu isirudishe?

Mkuki Moyoni: Kampuni ndiyo iliyomtuma? Jina la mpokeaji lilikuja, hakusoma. Wanaoliwa wote ni tamaa tu.

Mama Wawili: Tamaa ipi? Mimi nilipigiwa niko sokoni: "Mwanao kaanguka shuleni, tuko hospitali, inatakiwa elfu sitini ya kipimo." Jina la mtoto wanalo, darasa wanalijua. Mikono inatetemeka, nikakosea namba ya siri mara mbili. Hapo nilitamani nini?

Mkuki Moyoni: Ungepiga shule kwanza.

Mama Wawili: Una mtoto wewe?

Mkuki Moyoni: Sina.

Mama Wawili: Haya.

Kijana wa Kijiwe: Mnazunguka bure. Matapeli wote wako Rukwa na Ifakara kule Morogoro. Zima mtandao kule wiki moja, nchi ipumue.

Mwana wa Nkasi: Chunga mdomo. Ugali unaokula huko Dar mahindi yake unajua yanatoka wapi? TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wakitoa takwimu za majaribio ya ulaghai, Rukwa na Morogoro zinatajwa juu, sikatai. Ila laini kuwa Rukwa haimaanishi anayeishika ni Mfipa, mwenyeji wa kule.

Kijana wa Kijiwe: Si imesajiliwa kwa kidole cha mtu wa huko?

Mwana wa Nkasi: Bibi anakwenda kwa wakala wa mwavuli, anaweka kidole. "Hakijasoma bibi, weka tena." Kaweka mara tatu, zimetoka laini tatu. Moja yake, mbili zinauzwa. Wewe mwenyewe umewahi kupiga \*106# ukaona laini ngapi ziko kwenye namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa?

Kijana wa Kijiwe: Ngoja... Duh. Kuna moja siijui.

Mwana wa Nkasi: Kumbe na wewe ni wa Rukwa.

Karani Mstaafu: Mambo ya vidole yalianza 2017, enzi zile nikiwa kazini.

Mama Wawili: 2019 mzee, mwezi wa tano. Kuzimiwa laini ambazo hazina kidole ndiyo ikawa Januari 20, 2020. Foleni ya NIDA siwezi kuisahau.

Fundi Saa: Jamani, hela ya mama mkwe?

Karani Mstaafu: Ule ujumbe autume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, ataulizwa namba ya tapeli.

Fundi Saa: Laini itafungwa, nimeelewa. Nauliza hela.

Mwana wa Nkasi: Kijana, bado hujawaomba radhi Wafipa.

Kijana wa Kijiwe: Nimeomba, mkuu. Msinitumie ile radi yenu ya kichawi tu.

Mwana wa Nkasi: Radi tunatuma bure, haina makato.