Moyo wa mama unamwenda mbio jioni, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imetoka safi. Tufanyeje?

Mwana wa Usambara (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mama ana miaka 64, yuko Lushoto, mimi niko Dar. Tangu mwezi uliopita moyo unamwenda mbio ghafla, mara moja au mbili kwa wiki, mara nyingi jioni akiwa amekaa tu. Unadunda dakika kumi hadi ishirini, unatulia wenyewe, anabaki amechoka. Hajawahi kuzimia wala kuumwa kifua. Siku moja jirani aliwahi kumpima: presha 148/86, mapigo 132, na kialama cha moyo kwenye mashine kinawakawaka. Kesho yake alipimwa ECG, akaambiwa iko sawa, labda ni mawazo. Anatumia amlodipini 10 mg na HCT 25 mg za presha, na omeprazoli 20 mg kutwa mara mbili kwa ajili ya vidonda vya tumbo, huu mwaka wa pili, ananunua duka la dawa. Nimlete Dar au?

Kijiti
Gesi hiyo mkuu. Vidonda vikichachamaa moyo lazima uende mbio. Anywe maji ya kitunguu saumu asubuhi kabla hajala.

Mzee wa Stetho
Kijiti, tusimalizie hapo. Mapigo 132 kwa mama wa miaka 64 aliyekaa kwenye kiti hayaachwi kwa jina la gesi mpaka moyo wenyewe upimwe ukiwa mbioni.

Mleta uzi, ECG ya kawaida inanasa kama sekunde kumi tu. Mama alipimwa kesho yake, moyo umeshatulia, kwa hiyo jibu la "iko sawa" linahusu sekunde hizo kumi na si ile jioni. Hata hicho kialama kina utata: kwenye mashine nyingi moyo huwaka kila pigo linaposomwa, na alama ya mapigo yasiyo na mpangilio ni nyingine kabisa. Tazameni kijitabu cha mashine.

Cha kufanya tatizo likija tena: anayekaa naye aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Asitumie dole gumba, lina mapigo yake mwenyewe. Ahesabu dakika nzima. Ile ya kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne inadanganya mapigo yakiwa ya ovyo. Mkono wake wa pili ugonge meza kila pigo linapokuja, simu ikiwa wazi, nawe usikilize ukiwa Dar. Mlio wa haraka lakini ulionyooka, kama cherehani, ni jambo moja. Mlio usio na mpangilio, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati, ni jambo jingine, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi kwa umri wake: chumba cha juu cha moyo kinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama, bonge linaweza kuganda na kwenda kwenye ubongo. Andikeni saa lilipoanza, saa lilipoisha, na kama lilikata ghafla au lilipungua taratibu.

Duka la Kona
Mimi nimekwama kwenye orodha ya dawa. HCT inakojoza, na kwenye mkojo inatoka na potasiamu na magnesiamu. Omeprazoli ikitumika kwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, inaweza kushusha magnesiamu kwa sababu utumbo unaifyonza kidogo. Magnesiamu ikishuka, figo nazo zinaachia potasiamu. Zikiungana hizo, moyo unaanza kurukaruka. Muulize kama anabanwa misuli ya miguu usiku. Amlodipini nayo inaweza kumfanya mtu ausikie moyo ukidunda, na miguu kuvimba.

Asiache dawa kienyeji lakini. Akikata ya presha, presha itapanda. Akikata omeprazoli ghafla baada ya muda wote huo, asidi inarudi kwa kishindo, ataapa vidonda vimezidi. Daktari ndiye aamue kama bado anaihitaji na ipunguzwe vipi. Wala msimnunulie vidonge vya potasiamu: kama figo zimechoka, potasiamu ikizidi inasimamisha moyo. Ulizeni pia kuhusu dawa za mafua zinazozibua pua, vidonge vya pumu, ugoro na kahawa ya jioni. Watu hawavitaji hivi kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa.

Mwana wa Usambara
Kubanwa miguu anakulalamikia sana, tulidhani ni baridi. Vipimo gani hasa tuombe?

Mzee wa Stetho
Potasiamu, magnesiamu, kreatinini ya figo, picha kamili ya damu (upungufu wa damu peke yake unakimbiza moyo), homoni ya thairoidi inayoitwa TSH, na sukari. Potasiamu ya kawaida ni 3.5 hadi 5.0 mmol/L. Anapotolewa damu asifumbefumbe ngumi na mkanda usikae umekaza muda mrefu. Akifanya hivyo potasiamu inapanda kwa uongo, na iliyoshuka inaonekana nzima.

Kisha ECHO ya moyo (ultrasound), kuona valvu na vyumba. Holta, ile mashine ya kuvaa kwa saa 24, inasaidia, ila kwa tukio la mara moja kwa wiki inaweza kupita patupu, kwa hiyo ombeni ya siku nyingi zaidi kama ipo. Njia rahisi ni kuongea na kituo cha karibu chenye ECG: likianza tu, apelekwe palepale, aseme "limeanza", apimwe kabla ya kukaa foleni.

Si lazima uanzie Dar. Bombo ya Tanga ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka Mombo, pale barabara ya Lushoto inapokutana na barabara kuu, hospitali ya KCMC ya Moshi ni karibu kuliko Taasisi ya Moyo pale Muhimbili. Aende wiki hii.

Nesi wa Zamu
Naongezea ya dharura: akizimia au kukaribia kuzimia, kifua kikibana, akihema kwa shida, mapigo yakibaki juu ya 120 baada ya kupumzika nusu saa, au mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakimvurugika, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Tafuteni gari, na mwandike saa dalili ilipoanza. Asikandwe shingo ili moyo utulie, kuna wanaofundisha hivyo mtandaoni. Kwa mtu mzima mwenye mishipa iliyochakaa unaweza kumletea kiharusi.

Na presha: Lushoto kuna baridi, mnapima juu ya sweta? Mkanda ukae kwenye ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Mapigo yakiwa ya ovyo pimeni mara tatu, dakika moja katikati, muandike zote.

Mwana wa Usambara
Sweta ndiyo, tena zito. Nimemtafutia usafiri Alhamisi kwenda Tanga. Ile karatasi ya ECG ya mwanzo ameikunja kwenye nailoni na imeanza kufifia, niitupe?

Nesi wa Zamu
Usitupe! Karatasi ile inaandikwa kwa joto, nailoni na jua vinaifuta. Itoe, ipige picha leo dirishani bila flashi, vile viboksi vidogo vionekane vizuri, halafu mwende nayo ndani ya bahasha ya karatasi. Maboksi ya dawa zote nayo yaende, hata ya mafua.