Mjadala: Chai na mikanda ya "kukata tumbo", tuiache iendelee kuuzwa hivi hivi?

fundi_tepu:
Habari za leo wakuu. Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Temeke, nashona za kiume zaidi ila magauni pia napiga, na madaftari ya vipimo ninayo yote tangu 2009 sijatupa hata moja. Kwa hiyo nikiongelea vitambi vya watu siongei kwa kusikia, ninavyo kwa sentimita na tarehe.

Juzi kati alikuja dada mmoja mteja wangu wa siku nyingi, anataka gauni la sendofu ya mdogo wake. Nikampima kiuno tepu ikasoma 88, akaniambia fundi andika 80. Nikamuuliza 80 ya nani sasa? Akasema kaanza chai ya kukata tumbo, kauziwa elfu 35 pakiti, kaambiwa siku 14 tumbo linakuwa kama ubao. Sikubishana nae, nikakata kwa 86 nikaacha akiba ndani ya mshono. Siku ya 15 kaja kujaribu, tepu 85, gauni likapita vizuri tu ila ukimwangalia usoni midomo imekauka, macho yameingia ndani, anasema usiku halali anashinda chooni. Sherehe ilikuwa wiki iliyofuata. Asubuhi ya sherehe kanigongea saa 12, zipu haipandi, tepu 88 ile ile. Nikafumua akiba hata uso sijanawa.

Sasa hizi chai, na mikanda ile ya kubana mpaka mtu anachuruzika jasho, na vidonge visivyo na jina, zimejaa stendi, kwenye magrupu, kila mahali, na zote zinaahidi kitu kimoja, kwamba zinaondoa tumbo peke yake mwili mwingine unabaki. Mi nasema mtu asiruhusiwe kuandika "inaondoa tumbo" kwenye kitu chochote mpaka aandike ndani yake kuna nini. Sijasema watu wafungiwe biashara, nimesema waandike. Nawasilisha.

muuza_majani:
Fundi kwani wewe ukishona suruali ya kubana unaandika onyo? Mi nauza hizi chai mwaka wa nne sasa, ada za wanangu zinatoka humo, na wateja wanarudi wenyewe, ingekuwa haifanyi kazi wangerudi? Bia inaotesha watu vitambi nchi nzima na hakuna anayelia, soda hivyo hivyo, ila mwanamke akinunua majani yake kwa hela yake ndo mnataka serikali iingie. Afu hii ni mitishamba, haina kemikali.

baba_chanja:
Naunga mkono hoja ya dada. Kitambi changu nimekigharamia mwenyewe, na wa kukitoa ni mimi.

nesi_wa_usiku:
Dada muuza majani, hilo la "mitishamba haina kemikali" naomba uliache kabisa, mbono nao ni mti na punje zake zinaua.

Chai nyingi za namna hii ukibahatika pakiti iwe na maandishi utakuta sanamaki. Watu wa pwani wanaijua, bibi anakupa siku choo kimegoma, basi. Kazi yake inafanyika kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko kilichokuwa cha kunenepesha kimeshafyonzwa zamani kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo unachotoa ni choo, maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo ambayo moyo unaitegemea upige sawasawa. Mafuta hayajaguswa. Ndo maana gauni likapita siku ya 15 likagoma wiki ya mbele, mwili umerudisha maji yake tu. Mkanda nao hivyo hivyo, lile jasho ni maji, ukinywa jagi limerudi.

Na hiyo ndo nafuu. Zinazonitisha mimi ni zile ukinywa hamu ya kula inakatika kabisa na moyo unaenda mbio. Kuna dawa inaitwa sibutramini, Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni 2010 kwa ajili ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na baada ya hapo mamlaka ya dawa ya Marekani imeendelea kuikuta imechanganywa kimya kimya kwenye kahawa na vidonge vinavyoitwa vya asili. Mtu wa presha akinywa hiyo bila kujua unamlaumu nani? Pakiti haisemi kitu.

tizi_kila_siku:
Wakuu mnazunguka sana, hii yote ni uvivu. Nyama uzembe jina lenyewe linajieleza. Piga sitapu 100 asubuhi 100 jioni miezi miwili uone kama tumbo halijakimbia, mi nina siksipaki na sijawahi kununua chai ya mtu.

mwalimu_mstaafu:
Kijana wangu, nimefundisha michezo shuleni mpaka nimestaafu na hiyo imani nilikuwa nayo. Mwaka 1984 Wamarekani walichukua wanaume wakawapigisha sitapu 5,004 kwa siku 27, hesabu imeandikwa hivyo hivyo moja moja, halafu wakachota chembe za mafuta tumboni, mgongoni na makalioni kuzipima kabla na baada. Zilisinyaa kidogo kote sawasawa, tumbo halikupewa upendeleo wowote. Msuli unapofanya kazi haukwangui mafuta ya jirani yake, unakula kilichomo kwenye damu, na damu inachota kutoka mwili mzima kwa mpangilio wake yenyewe, kuna anayeanza kupungua usoni, kuna anayeanza kifuani, tumbo kwa wengi ni la mwisho. Wewe siksipaki imeonekana kwa sababu una umri gani? Na unakula mara ngapi? Msuli wa tumbo kila mtu anao, wengine umevaa koti.

tizi_kila_siku:
Shikamoo mwalimu. Nina 23 😅 Ila hujanishawishi niache sitapu.

mwalimu_mstaafu:
Marahaba. Usiache, zinakaza msuli na mgongo unashukuru. Mimi nimekataa neno moja tu, kwamba zinaondoa mafuta ya hapo.

mama_mapacha:
Jamani na sisi tuliozaa mtuweke. Nilipojifungua mama mkwe alinifunga mkaja siku 40, nilikuwa nalia usiku nataka kuufungua, yeye anakaza. Namshukuru, mgongo uliacha kuuma na nilitembea vizuri. Lakini tumbo lilibaki, na kila mtu ananiambia piga sitapu, nikapiga mwezi mzima. Kila nikiinua kichwa katikati ya tumbo panainuka tuta kama paa la banda, kuanzia kifuani mpaka chini ya kitovu. Nilidhani ni mafuta magumu. Nimekuja kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanilaza chali, akaniambia inua kichwa kidogo, akaweka vidole pale katikati vikazama vitatu. Misuli ilikuwa imeachana kwa ujauzito wa mapacha, akaniambia sitapu acha mara moja kwa sasa, akanipa mazoezi ya kupumua na kuvuta tumbo ndani polepole, mambo ya kitoto kabisa ukiyaona. Miezi mitano. Sasa jiulize ningenunua chai ya elfu 35 ingeshona misuli?

Na huyo dada wa gauni msimcheke. Kwenye sherehe zetu hizi ukikaa na tumbo lako shangazi mmoja lazima aulize una miezi mingapi.

baba_chanja:
Nesi swali la kizembe. Mafuta yakiisha yanatokea wapi, maana kama siyo jasho na siyo choo?

nesi_wa_usiku:
Siyo la kizembe, hata madaktari wengi walilikosa walipoulizwa. Mengi yanatoka kwa pumzi. Kuna watu walipiga hesabu 2014, kilo 10 za mafuta zikichomwa mwilini kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya ukaa na 1.6 ni maji.

baba_chanja:
Kwa hiyo natoa kitambi kwa pua! Naanza leo kupumua kwa nguvu hapa hapa kwenye kochi.

nesi_wa_usiku:
Utapata kizunguzungu tu baba. Mpaka mwili uwe umechoma kwanza ndo uwe na cha kutoa, inuka kwenye kochi.

mtu_wa_kigali:
Huku kwetu tangu 2016 kuna Jumapili barabara zinafungwa magari hayapiti, watu wazima na matumbo yao wanakimbia bila kuona aibu. Hiyo inasaidia kuliko kubishana chai. Nyie si mlikuwa na Jumamosi ya pili ya mwezi ya mazoezi?

fundi_tepu:
Ilikuwepo, Mama Samia aliitangaza mwishoni mwa 2016 akiwa makamu wa rais, wiki za kwanza nilishona traki suti mpaka kitambaa kikaisha. Nyingi nadhani sasa zinavaliwa kuangalia mpira.

Ngoja niseme la wanaume maana tumekaa tunawasema kinamama. Mwanaume anakuja ananiambia fundi mi navaa 36 tangu nimeoa, sijanenepa. Na kweli suruali ni 36! Ila mwaka 2011 alikuwa anaifungia kwenye kitovu, sasa anaifungia chini ya tumbo, tumbo limekaa juu ya mkanda kama mtu kakaa dirishani. Najua kwa sababu mbele inabidi niikate fupi kila mwaka la sivyo inakunjamana, na shati kifungo cha nne kinaachama. Nikizungusha tepu kitovuni inasoma sentimita 108. Hataki nimtajie, anasema andika 36 tuondoke. Na lile tumbo gumu la kung'ara ndo nesi atatuambia, ila nilishaambiwa na daktari mteja wangu kwamba hilo mafuta yake yako ndani kabisa, yamezunguka ini na utumbo, ndo baya zaidi kuliko hili laini la kushikika.

nesi_wa_usiku:
Ni kweli, hilo la ndani ndo linaenda na sukari na presha. Ila lina uzuri mmoja, mtu akianza kutembea na kupunguza sahani hilo la ndani linakuwa miongoni mwa ya kwanza kupungua, hata kabla mizani haijaonyesha cha maana.

fundi_tepu:
Basi ndo hicho nilichokiona. Kwenye madaftari yangu wanaume walioshuka wakabaki chini ni wachache, wanne nawakumbuka vizuri. Mmoja mwalimu, aliacha soda mbili za kila siku (ile chupa ya 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, alinihesabia mwenyewe kwenye meza yangu ya kukatia) na akawa anashuka daladala vituo viwili kabla. Kitovuni alikuwa 102, baada ya miezi minane 95. Ugali anakula kama kawaida, kaupunguza tu. Hakuna aliyeshuka kwa siku 14 akabaki, hata mmoja.

Ambaye hana tepu achukue kamba ajipime urefu kutoka kisiginoni mpaka utosini, aikunje katikati, azungushe tumboni usawa wa juu kidogo ya kitovu bila kuvuta pumzi ndani. Isipokutana, kiuno kimepita nusu ya urefu. Waingereza nao sasa wanawashauri watu wao hivyo hivyo, kiuno kisifike nusu ya urefu. Mi nina sentimita 168, nusu ni 84, tepu yangu inasoma 91. Nimesema ukweli.

muuza_majani:
Sawa fundi lakini hujanijibu la bia.

fundi_tepu:
Bia imeandikwa ndani kuna nini na pombe asilimia ngapi, na haijasema itakupa siksipaki. Yako ikiitwa dawa wanakuja TMDA (mamlaka ya dawa), ikiitwa chakula ni TBS (shirika la viwango), ikiitwa tiba asili kuna Baraza lao, ndo maana wenzako wameamua kuiita "chai" afu kazi inayofanya inatajwa kwa mdomo tu. Andika sanamaki, andika kiasi, andika mjamzito na mtu wa presha asinywe, mi nitakuwekea tangazo kibandani bure.

muuza_majani:
Nikiandika ya kufungua choo nani atatoa elfu 35? Sanamaki sokoni watu wananunua fungu la elfu moja.

mama_mapacha:
😂😂 umejifunga mwenyewe dada.

muuza_majani:
Chekeni tu, wa kulipa ada si nyie. Zilizobaki nitaziuza kwanza. Na hiyo kamba nimezungusha saa hii, imebaki kama vidole vinne haijakutana. Fundi Jumamosi unafungua saa ngapi?