Naomba ushauri: wazazi wanatoka Tanga, jioni za Charleston tuwapeleke wapi?

Bint_Ngamiani

Habari za saa hizi wanajukwaa, na shikamooni wakubwa wote.

Wazazi wangu wanakuja kunitembelea mwezi wa saba. Naishi Charlotte, North Carolina, na tumepanga kuwapeleka Charleston, South Carolina, kwa gari. Tunafika Alhamisi mchana, tunarudi Jumapili. Joto la huko Julai kila mtu ananiambia si la kutembea nalo, kwa hiyo mchana wazee watapumzika hotelini na watoto wataogelea. Ninachoomba ni mawazo ya jioni, tuseme kuanzia saa 11 mpaka saa 4 usiku.

Baba ana miaka sabini na ushee, mstaafu wa reli, anapenda historia na akiuliza swali hakubali jibu la juujuu. Mama anasumbuliwa na magoti, ngazi na mwendo mrefu haviwezi. Watoto ni wawili, miaka 6 na 9. Sisi ni Waislamu, baa hatuingii, na chakula lazima tuulize kabla ya kuagiza. Mtandaoni kila ninakosoma naletewa baa za juu ya ghorofa na matembezi ya mizimu. Hakuna kingine? Nataka wazee wapate upepo wa bahari, wauone mji, na waelewe pia kwamba pale ndipo Waafrika wengi sana waliposhushwa kuuzwa.

Natanguliza shukrani.

Upepo_wa_Kusi

Karibuni sana dada. Mimi naishi Mount Pleasant, ng'ambo ya daraja, na wageni wangu nawazungusha jioni kwa sababu hiyohiyo ya joto.

La kwanza, panga kwa jua. Julai jua la Charleston linazama karibu saa 2:30 usiku. Wazee waliozoea Magharibi ya saa 12 na kitu watashangaa, lakini kwenu ni faida: mnapata muda mrefu wa mwanga baada ya joto kuanza kupungua, na mkiwa na mkeka kwenye gari mnaswali palepale kwenye majani.

Alhamisi mtakuwa na uchovu wa safari, msihangaike na mengi. Nendeni Waterfront Park. Njia yote ni tambarare, Mama hatapanda ngazi hata moja. Kuna gati lililoezekwa, na chini ya paa zimening'inizwa bembea kubwa za mbao za kukaa watu wazima watatu wanne. Akishaketi hapo upepo wote wa bandari ni wake. Watoto wapeleke kwenye chemchemi ya upande wa Vendue Range, wanaruhusiwa kuchezea maji, kwa hiyo beba nguo za kubadilisha na taulo. Ile nyingine yenye umbo la nanasi ndiyo inayopigwa picha na kila mtu. Bembea zinagombaniwa jua likikaribia kuzama, kwa hiyo wahini.

Ukikaa hapo kushoto unaliona daraja la Ravenel, lililofunguliwa 2005, nyaya zake zikiwashwa taa usiku. Mbele ng'ambo ipo manowari ya USS Yorktown, na mbali mdomoni mwa bandari, karibu na usawa wa maji, ni ngome ya Sumter. Risasi za kwanza za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani zilipigwa hapo tarehe 12 Aprili 1861. Baba atapata pa kuanzia maswali yake.

Jioni nyingine vukeni daraja mje kwetu Shem Creek. Ni kijito cha wavuvi wa kamba, boti zimefunga pembeni nyavu zikiwa zimetundikwa juu, na kuna njia ya mbao inayokwenda mpaka kwenye kinamasi. Ndege aina ya mwari wanatua kwenye nguzo, na mara nyingi pomboo wanapita karibu kabisa. Haina kiingilio. Kwa watu wa Tanga nadhani hii itawaingia moyoni kuliko majumba yote ya matajiri.

Mgeni_Mwenyeji

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila nisingeyatupa matembezi ya mizimu moja kwa moja. Yanafanyika usiku kukiwa na baridi kidogo, watoto wa miaka 9 wanayapenda, na yale yanayoingia kwenye gereza la chini la jengo la Old Exchange yanakupa nafasi ya kuliona jengo la karne ya 18 saa ambayo watalii wa mchana wameondoka.

Na kwa magoti ya Mama, fikirieni gari la kukokotwa na farasi au nyumbu. Ila jueni mambo mawili. Njia hamchagui nyinyi: kila gari likitoka linapangiwa eneo kwa bahati nasibu, kwa hiyo mnaweza kuahidiwa mitaa ya kusini mkajikuta upande wa pili. Na sheria ya jiji inawatoa wanyama barabarani joto likifika nyuzi 95 za Fahrenheit, yaani 35 za Selsiasi. Julai hilo hutokea, kwa hiyo msiwape watoto ahadi.

Mwalimu_wa_Zamu

Ndugu Mgeni_Mwenyeji, kwa heshima zote, mimi kwenye hilo la mizimu napinga, na napinga kwa nguvu.

Mji ule ulijengwa kwa mikono ya watu waliouzwa. Gereza la zamani, makaburi, vichochoro vya matofali, kila mahali kuna habari za watu halisi walioteswa. Matembezi mengi ya aina hiyo yanachukua mateso yale yanayageuza kelele za kutishia watalii. Mzee aliyetoka Afrika kwa mara ya kwanza asisikie habari za ndugu zake kwa mtindo huo. Watoto nao wana umri wa kuambiwa ukweli kwa upole.

Dada Bint_Ngamiani, fanya hivi Ijumaa. Makumbusho ya International African American Museum yanafungwa saa 11 jioni. Ingieni saa 9 wakati jua ni kali, ndani kuna ubaridi, lifti ipo. Yalifunguliwa Juni 2023 mahali palepale palipokuwa gati la Gadsden, walikoshushwa maelfu kwa maelfu ya watumwa. Jengo lote limeinuliwa juu ya nguzo 18, kama mita 4 kutoka ardhini, ili ile ardhi yenyewe isijengewe.

Wakitoka, msikimbilie gari. Bustani ya kumbukumbu iko chini ya jengo na pembeni yake, na haina kiingilio. Kuna bwawa la maji ya kina kifupi, na sakafuni mwake yamechorwa maumbo ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu, jinsi walivyopangwa melini. Maji yanajaa na kupwa, maumbo yanafunikwa na kufunuliwa. Pembeni kuna kuta mbili za mawe meusi yanayong'aa mpaka unajiona usoni, na katikati yake sanamu za watu waliopiga magoti, mahali lilipokuwa ghala la kuwafungia wakisubiri wanunuzi. Mpeni Baba muda hapo. Kimbizaneni na watoto upande wa majani, mwacheni atazame.

Atawauliza walitoka wapi. Wengi walitoka Angola na Kongo, Senegambia, na pwani ya Sierra Leone. Lakini miaka ya mwisho, kabla Marekani haijapiga marufuku kuingiza watumwa mwaka 1808, zilifika Charleston meli hata kutoka Msumbiji. Pwani yetu haikuwa mbali na habari hii kama tunavyofundishwa.

Mkiondoka hapo mpite mtaa wa Calhoun kwa gari, mtaliona kanisa jeupe lenye mnara mrefu, Mother Emanuel. Tarehe 17 Juni 2015, Jumatano jioni, waumini tisa waliuawa ndani yake na kijana mzungu waliyempokea vizuri katika darasa la Biblia. Punguzeni mwendo, mwelezeni Mzee, inatosha.

Na mkitaka hadithi ya usiku ya kuwasimulia watoto, hadithi ya kweli, ni ya Robert Smalls. Alikuwa mtumwa, kijana wa miaka 23, akishika usukani wa meli iitwayo Planter iliyotumiwa na jeshi la Kusini katika vile vita vya wenyewe kwa wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na wenzake wakawasha mashine, wakapita gati jingine kuwachukua wake na watoto waliokuwa wamejificha, kisha akavaa kofia ya majani ya nahodha. Kulipokaribia kupambazuka walipita chini ya mizinga ya ngome ya Sumter. Alipuliza honi ya ishara sawasawa kabisa, ngome ikawaruhusu. Walipotoka nje ya masafa ya mizinga wakashusha bendera, wakapandisha shuka jeupe, wakajisalimisha kwa meli za Kaskazini wakiwa watu huru. Baadaye alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Hiyo isimulie ukiwa kwenye zile bembea alizozitaja Upepo_wa_Kusi, maana bandari ni hiyohiyo, na ngome mtakuwa mnaiona kwa macho.

Bint_Ngamiani

Mwalimu, nimesoma maneno yako nikampigia Baba simu papo hapo. Amesema hata wengine tusipokwenda, yeye apelekwe. Mizimu nimeifuta. Sasa nisaidieni chakula tafadhali, na Jumamosi tufanye nini?

Jiko_la_Makorora

Chakula niachieni mimi, nimefanya kazi jikoni huko miaka kadhaa.

Pwani ile inaishi kwa mchele, bamia, kunde, kamba na kaa, wazee hawatahisi ugeni. Tatizo ni nguruwe anayejificha. Wali mwekundu wa nyanya, ambao ni ndugu wa ule wa Afrika Magharibi, mara nyingi unaungwa kwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mboga za majani vivyo hivyo, hupikwa na mfupa wake. Kunde na wali wanaouita Hoppin' John, vilevile. Kamba na grits, ule uji mzito wa mahindi, wenyewe hauna neno, lakini jikoni wanapenda kuurushia soseji juu. Na supu ya kaa jike ambayo kila mgahawa unaisifia humaliziwa kwa mvinyo wa sherry, wengine hata hawaiandiki kwenye menyu. Uliza kwa jina kila kimoja, usiulize tu kama ni halali, mhudumu anaweza asielewe akakujibu ndiyo.

Salama zaidi: samaki wa kuchoma au kukaangwa, kamba wa kuchemsha, chaza kwa anayekula, mahindi mabichi. Mkienda Shem Creek mtapata vyote hivyo mezani mkitazama maji. Wahini saa 11, baada ya saa 1 foleni ni ndefu na Mama atasimama sana. Ila migahawa mingi pale ina sehemu ya baa ndani, ombeni meza ya nje upande wa maji.

Kikapu_Tele

Jumamosi ni City Market. Kuanzia Machi hadi Desemba kuna soko la usiku Ijumaa na Jumamosi, saa 12:30 mpaka saa 4:30 usiku, mafundi wa mjini wanauza vitu vyao na wanamuziki wanapiga. Soko ni refu, urefu wa mitaa minne, lakini limeezekwa na ni tambarare.

Nawasihi mwende kabla jua halijashuka ili mwakute kina mama wa Kigullah na vikapu vyao. Hawa ni wajukuu wa watumwa wa mashamba ya mpunga, na mwaka 2006 Bunge la Marekani liliitambua rasmi pwani yao yote, kutoka North Carolina hadi Florida, kuwa eneo la urithi. Mama yako kama anajua ukindu atataka kukaa nao. Kile kikapu hakisukwi kwa ukili, kinashonwa: nyasi zinakusanywa kuwa kamba nene, zinazungushwa, na kila mzunguko unafungwa na ule wa chini kwa ukanda wa mkindu wa kienyeji. Badala ya sindano wengi wanatumia mpini wa kijiko uliopondwa ukawa bapa. Bei ni kubwa, kikapu cha maana ni mamia ya dola, na tafadhali msipunguze bei kwa mtindo wa sokoni kwetu. Kimoja kinaweza kula wiki nzima za mtu. Asiye na uwezo anunue ua dogo la ukindu, na kabla ya kupiga picha aombe ruhusa.

Upepo_wa_Kusi

Naongeza moja ambalo wageni hawaambiwi. Wazee wenu wanajua bamvua. Charleston wakati wa bamvua maji ya bahari yanapanda kupitia mifereji mpaka barabarani, hata siku isiyo na wingu, na ikikutana na mvua ya jioni ya Julai, mtaa wa Market na ile inayouzunguka inageuka kijito cha maji ya chumvi. Msipite ndani yake na gari. Angalieni jedwali la maji la Charleston Harbor siku ile asubuhi. Kama maji yanajaa usiku wa Jumamosi, badilisheni: sokoni Ijumaa baada ya makumbusho, Shem Creek Jumamosi.

Kuna usubi pia, wadogo hawaonekani, wanauma magharibi upepo ukitulia. Dawa ya kupaka ni lazima, hasa miguuni kwa wazee.

Bint_Ngamiani

Nimeangalia jedwali la wiki yetu, Jumamosi usiku maji ni makubwa. Basi soko ni Ijumaa. Gari niegeshe wapi nisimtembeze Mama?

Upepo_wa_Kusi

Majengo ya maegesho ya ghorofa yapo karibu kabisa na soko, chukueni ghorofa ya pili kwenda juu, msiache gari chini wala pembeni ya mtaa. Au mshushe Mama na watoto mlangoni upande wa mtaa wa Meeting, kisha wewe ukaegeshe. Mabasi ya DASH ya katikati ya mji ni bure, ila angalia saa ya basi la mwisho kabla hamjalitegemea kurudi. Mkifika Alhamisi nitumie ujumbe wa faragha, nitawaletea viti viwili vya kukunja vya kutumia siku zote hizo.