Naomba ushauri: nimenunua kiwanja kumbe udongo umejaa mafuta, nani anawajibika kusafisha?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimekwama. Nimenunua kiwanja ambacho zamani kilikuwa gereji, hati safi kila kitu safi, sasa juzi mafundi wanachimba msingi udongo ukaanza kutoka mweusi unanuka dizeli, ukiufinya mkono unabaki na mafuta, na maji yakituama shimoni juu yanang'aa rangi rangi. Muuzaji nikimpigia anasema ukishanunua umenunua na makorokoro yake.

Mi nilijua anayechafua ndo analipa, hata Azimio la Rio la 1992 (lile la Umoja wa Mataifa la mazingira) liko hivyo, ila nimesoma kuna sheria ya Marekani ya 1980 inambana hata mmiliki wa sasa ambaye hakumwaga hata tone, wakati Uingereza wanamtafuta kwanza aliyechafua, akikosekana ndo wanamgeukia mwenye ardhi. Sasa mimi naangukia wapi? Mkataba wetu haujagusa kabisa uchafuzi (uzembe wangu, najua).

Nianze na mwanasheria au nipeleke udongo maabara kwanza? Na nikitoa taarifa kwa mamlaka ya mazingira si ndo najichongea mwenyewe? Jirani ana kisima, hilo ndo linaninyima usingizi.